Chuma cha kujivutia: historia ya mwamba uliobebwa na wakimbizi

Wiki tatu zilizopita vijana sita wa Ndosho waliningojea nje ya redio, jioni, wakiwa na dola 43 ndani ya bahasha na swali moja. Wanne ni watoto wa mtaa. Wawili walikuja na wazazi wao kutoka Masisi, wanaishi katika familia iliyowapokea, watu kumi na mmoja ndani ya vyumba viwili. Wote sita hufanya mazoezi pamoja asubuhi: futingi hadi barabara kubwa, pompe, kuruka kamba. Sasa wanataka chuma cha kujivutia, kile ambacho mtu anashika kwa mikono miwili na kupandisha kidevu juu yake. Mkubwa wao akaniambia: "Yaya, wewe unasoma vitu vingi. Kuna chuma cha dukani kinachobanwa mlangoni, kinang'aa, dola 35. Na kuna fundi wa kuchomelea vyuma anayetaka dola 60 kwa miguu na mwamba. Tununue kipi?"

Sikuwajibu siku ile. Nilisema nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilimkumbuka mdogo wangu.

Mwaka juzi mdogo wangu alinunua chuma cha namna hiyo hiyo, kile kinachopanuliwa kwa kuzungushwa mpaka kibane miimo ya mlango pande zote mbili. Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma. Alijivuta mara mbili, mara ya tatu mwimo ukapasuka kwa urefu kama kuni, naye akaanguka na mkono chini yake. Mfupa wa kiganja ulivunjika, akakaa na plasta wiki sita, na wakati ule yeye ndiye aliyekuwa akimletea mama mzigo sokoni. Kile chuma bado tunacho. Kimenyooka, hakina hata mkwaruzo. Chuma kilikuwa kizima; ni nyumba iliyoshindwa. Karatasi iliyokuja nacho ilionyesha mlango wa ukuta wa matofali, lakini nani anasoma karatasi?

Kwa hiyo nilitaka kujua kwanza chuma hiki kilitoka wapi, na waliokitengeneza mwanzo walikisimamisha juu ya nini. Nilichokuta kilinishangaza, hasa mimi ambaye kila siku natangaza habari za wahami wa vita. Safari ya mwamba huu, tangu mwanzo wake, imefanywa na watu waliokimbia makwao.

Mwalimu wa kwanza wa kutajwa ni GutsMuths, aliyefundisha katika shule ya Schnepfenthal huko Ujerumani. Mwaka 1793 alitoa kitabu cha mazoezi ya mwili kwa vijana. Vyombo vyake vilikuwa vile ambavyo kijiji chochote chetu kingeweza kuvipata: ngazi, kamba, miti ya kupanda, gogo la kutembea juu yake. Hakuna cha dukani.

Baada yake akaja Friedrich Ludwig Jahn, naye pia mwalimu. Mwaka 1806 Napoléon aliyapiga majeshi ya Prussia, na nchi ikawa chini ya Wafaransa. Jahn alikuwa na uchungu wa mtu aliyeshindwa. Mwaka 1811 akawachukua wanafunzi wake hadi Hasenheide, wakati ule uwanja wa nje ya mji wa Berlin, wakasimika miti na kuanza mazoezi mbele ya watu. Wote walivaa nguo za kitani cha kijivu, za bei ndogo, ili mtoto wa tajiri asijulikane na mtoto wa maskini. Pale ndipo mwamba wa kujivutia ulipopata jina lake la Kijerumani, na pale ndipo zilipotokea zile fito mbili za sambamba ambazo mtu hujiinua katikati yake.

Nataka mwangalie jambo moja. Mwamba wa Jahn haukuwa chuma. Ulikuwa mti, uliolazwa juu ya nguzo zilizofukiwa ardhini. Chuma kilikuja baadaye. Nguzo za kufukiwa ndizo zilizotangulia, na kwa maoni yangu ndizo zenye kazi kubwa hadi leo. Watu wakienda dukani wanapapasa mwamba, wanaupiga kwa kucha wasikie mlio, lakini hawaulizi utasimama juu ya nini.

Tuendelee. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja, Karl Ludwig Sand, aliyekuwa mmoja wa vijana wa mazoezi, alimuua mwandishi August von Kotzebue. Serikali iliogopa. Ikaona kwamba vijana wanaokusanyika kujivuta juu ya miti wanaweza kesho kukusanyika kwa jambo lingine. Jahn alikamatwa mwaka huohuo, akaachiliwa mwaka 1825 lakini akakatazwa kuishi Berlin. Kuanzia 1820 hadi 1842 viwanja vya mazoezi vilikatazwa Prussia. Miaka 22 bila kiwanja. Waliotaka kuendelea waliingia ndani, wakafanya mazoezi penye kuta na dari. Ninapoona mtu anatafuta chuma cha kufungia chumbani, nawaza wale. Wengi wetu hapa tunajua maana ya kufanya ndani ya nyumba jambo ambalo ulizoea kulifanya uwanjani.

Wengine walikimbia. Karl Beck na Karl Follen, wote wawili watu wa kundi la Jahn, walikwenda kwanza Uswisi, wakawa walimu Basel. Walipotafutwa hata huko, wakapanda meli na kufika Marekani mwishoni mwa 1824. Mwaka uliofuata Beck alianzisha mazoezi hayo katika shule ya Round Hill, Massachusetts, na mwaka 1826 Follen akafanya hivyo katika chuo kikuu cha Harvard. Beck ndiye pia aliyetafsiri kitabu cha Jahn kwa Kiingereza, kikatoka 1828. Wimbi la pili lilikuja baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa Ujerumani. Friedrich Hecker, mmoja wa viongozi wake, alikimbilia Marekani na mwaka huohuo chama cha mazoezi kikaundwa Cincinnati. Watu wale walifika bila mali, katika nchi ambayo lugha yake hawakuijua vizuri. Kazi ya kusimika nguzo mbili na kulaza mwamba juu yake haihitaji lugha nyingi.

Upande wa Wafaransa ni habari ileile yenye majina mengine. Francisco Amorós alikuwa Mhispania. Alimtumikia mfalme aliyewekwa Hispania na Napoléon, na mfalme yule alipoondolewa, Amorós naye akalazimika kuondoka. Akawa mkimbizi Paris, akapewa uraia wa Ufaransa, akafungua kiwanja cha mazoezi ambacho baadaye kilifundisha hata wanajeshi. Chombo chake kilichojulikana zaidi ni lango refu la mbao, lililoning'inizwa kamba, ngazi na pete. Mwaka 1852 wanafunzi wa njia yake walisaidia kuanzisha shule ya mazoezi ya jeshi huko Joinville, karibu na Paris. Tukiona leo katika ua wa shule fulani lango la chuma lenye bembea na kamba, tunamwona mjukuu wa lile lango la Amorós.

Mtu ambaye nimekaa naye siku nyingi zaidi ni Georges Hébert, na sisi watu wa Goma tunayo sababu ya kukaa naye. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Tarehe 8 Mei 1902 alikuwa katika eneo la kisiwa cha Martinique wakati mlima Pelée ulipolipuka na kuuangamiza mji wa Saint-Pierre. Walikufa takriban watu 28,000 kwa muda wa dakika chache. Hébert alikuwa miongoni mwa wanamaji walioshughulika na kuwaokoa waliobaki. Aliona watu wenye nguvu wasioweza kufanya lolote, na wengine wenye nguvu za kawaida waliobeba, waliopanda, walioogelea. Tangu hapo alishikilia wazo moja maisha yake yote: nguvu za mtu ni za kumfaa mwenzake, la sivyo hazina kazi.

Kitabu chake kikubwa kilitoka 1912. Humo mazoezi yamegawanywa katika makundi kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa miguu minne, kupanda, kujisawazisha, kurusha, kuinua, kujilinda na kuogelea. Hébert alisafiri sana kabla ya kukiandika, na alikiri kwamba watu aliowaona Afrika na kwingineko, wenye miili mizuri na mepesi, hawakuwa na mwalimu mwingine wa mazoezi isipokuwa kazi zao za kila siku. Kwa hiyo anapowaambia Wafaransa wapande kamba na kubeba magogo, anawarudishia kitu ambacho bibi zetu wa Masisi walikijua wakiwa na kuni mgongoni. Sitaki kulitukuza jambo hilo kupita kiasi. Bibi hakubeba kuni kwa ajili ya afya, na mgongo wake unamuuma hadi leo.

Kutokana na njia ya Hébert ndipo yalipozaliwa yale mazoezi ya kijeshi ya kuvuka vizuizi, yanayoitwa kwa Kifaransa parcours du combattant. Jina hilo tumelizoea hapa. Mtu akizunguka ofisi saba kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya mtoto aliyepotelea njiani, hulitumia.

Nilikuwa mtoto tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ulipopasuka na lava ikapita katikati ya mji. Nakumbuka tukielekea Gisenyi kwa miguu, baba amebeba godoro kichwani na mdogo wangu, huyuhuyu wa mkono uliovunjika, mgongoni. Mahali fulani umati ulitusukuma hadi kwenye ukuta. Jirani mmoja akapanda, akalala juu ya ukuta kwa tumbo, akatuvuta mmoja mmoja kwa mkono. Alinivuta mimi, akamvuta mama, akavuta wengine ambao hatukuwajua. Alikuwa mtu wa kazi ya chukudu. Mwezi wa tano wa 2021, tulipoondoka tena usiku kuelekea Sake, nilikuwa mtu mzima, nikajaribu kumwinua mama mmoja apande nyuma ya lori. Sikuweza. Wengine wawili walikuja kunisaidia. Sijawahi kulisema hilo redioni.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nisilione swali la wale vijana kuwa mchezo.

Kabla ya kurudi kwao, kuna mtu mwingine ambaye siwezi kumruka. Katika michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, mwamba wa kujivutia ulikuwemo. Mjerumani Hermann Weingärtner alishinda, na wa pili akawa Mjerumani mwenzake Alfred Flatow, ambaye pia alishinda kwenye fito mbili za sambamba. Kulikuwa pia na kupanda kamba ya mita 14: kati ya washindani wote ni Wagiriki wawili tu waliofika juu. Flatow alikuwa Myahudi. Aliitumikia michezo hiyo ya Jahn maisha yake yote. Mwaka 1933 Wanazi walipochukua utawala, chama chake cha mazoezi kilimwondoa. Mwaka 1938 alikimbilia Uholanzi. Vita vikamkuta huko. Mwaka 1942 alipelekwa katika kambi ya Theresienstadt, akafa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Binamu yake Gustav Flatow, naye mshindi wa Athens, alifia katika kambi hiyohiyo mwaka 1945.

Jahn mwenyewe, wasomaji, hakuwa malaika. Aliipenda nchi yake kwa namna iliyowachukia wageni, na maneno yake yalikuja kutumiwa vibaya na watu wabaya zaidi yake. Kiwanja kilekile cha nguo za kijivu, ambapo tajiri na maskini walifanana, kiliweza baada ya miaka mia moja na kitu kuuliza mtu baba yake ni nani kabla ya kumruhusu ashike mwamba. Wale vijana sita hawajaulizana hivyo. Ninaandika hili kwa sababu baba mmoja wa mtaa aliniuliza kwa nini fedha za watoto wa Ndosho zichanganywe na za "wale waliokuja".

Upande wetu tunaye Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Alikimbia vita akiwa mtoto, akakutwa porini baada ya siku kadhaa, akapelekwa Kinshasa, na katika kituo cha watoto waliohama ndipo alipojifunza judo. Mwaka 2016 alikuwa Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, wachezaji kumi, pamoja na Yolande Mabika, naye wa Bukavu. Misenga alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India. Hakuanza na vyombo vya bei kubwa. Alianza na mkeka.

Sasa dola 43.

Niliwaita vijana Jumamosi na tukaenda pamoja kwa fundi, mzee mmoja ambaye amechomelea milango ya nusu ya mtaa. Nilimwambia habari za mdogo wangu. Mzee akacheka kidogo, akachukua kipande cha bomba la maji. Alieleza vitu ambavyo nimevithibitisha baadaye, navyo ni hivi. Mtu wa kilo 70 akining'inia kimya, mwamba unabeba kilo 70. Akijirusha na kubembea, mwamba unavutwa kana kwamba amebeba mwenzake mgongoni, au zaidi. Kwa hiyo usihesabu uzito wa mtu mmoja. Mwamba ukiurefusha mara mbili, bomba ni lilelile na uzito ni uleule, unapinda mara nane. Vijana walitaka mita mbili na nusu ili washike wawili kwa pamoja. Mzee akakataa. Mwamba wa mashindano una urefu wa mita 2 na sentimita 40, lakini ni chuma kigumu maalumu cha unene wa milimita 28, na nguzo zake zimevutwa kwa kamba za chuma pande zote. "Nyinyi mna kamba za chuma?" akauliza. Hawakuwa nazo. Wakakubaliana mita 1 na sentimita 20, mmoja mmoja kwa zamu.

Bomba tulilochagua ni lile linaloitwa la inchi moja, ambalo kwa nje lina karibu milimita 34. Kiganja kinalishika vizuri. La inchi moja na robo lina nguvu zaidi lakini ni nene, mkono huchoka kabla ya mgongo. Nondo ya kujengea, ile ya mistari, iachwe: inachana ngozi ya viganja. Na bomba lenye rangi ya fedha ya zinki likichomelewa hutoa moshi mbaya. Mzee huikwangua zinki kwanza na kufanyia kazi nje, akiwa upande wa upepo.

Tatizo lilibaki lilelile la Jahn: nguzo. Za chuma zingetupeleka kwenye dola 60. Ndipo mmoja wa wale wawili wa Masisi, ambaye karibu hakuwa amesema kitu, akauliza kwa nini tusitumie mikaratusi. Baba yake alikuwa akitengeneza chukudu. Alijua kwamba mti mbichi hupasuka ukikauka juani, kwamba unamenywa gamba na kuwekwa kivulini, kwamba msumari unaovutwa kuelekea upande ulikoingilia hutoka kirahisi. Alisema tusipigilie mwamba juu ya nguzo kwa misumari. Tutoboe nguzo zote mbili na kupitisha bomba ndani, tundu likae chini ya kichwa cha nguzo kwa kipimo cha kiganja kizima au zaidi, na kichwa kifungwe waya kisipasuke. Mzee fundi alimtazama kwa muda, akasema: "Huyu mtoto mumsikilize."

Nguzo mbili za unene wa mguu wa mtu mzima, zilizokaushwa tayari, tulizipata kwa dola 14. Bomba na kazi ya mzee, pamoja na kufunga ncha zake ili mvua isiingie ndani na kulila kimya kimya, dola 13. Rangi, dola 3. Mvua ya huku kwetu, ikichanganyika na moshi wa volkano, tunajua inavyoyafanya manjanja. Usiache chuma bila rangi. Oili chafu ya gari kwa ajili ya kupaka miguu ya nguzo dhidi ya mchwa tulipewa bure gereji. Simenti nusu mfuko, dola 7. Zikabaki dola 6.

Kuchimba ndiko kulikotutesa. Ndosho ni mawe ya lava, kila mtu anajua. Tulitaka sentimita 80 kwenda chini, kwa nguzo ya mita 3 na kitu, ili mwamba ukae juu kidogo kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Siku ya kwanza tulifika 30. Siku ya pili baba yule aliyeniuliza kuhusu fedha alitoka na mtaimbo wake, hakusema neno, akachimba hadi saa sita.

Wanaosoma haya wakiwa kambini watasema wao hawana ua wala simenti. Ni kweli, na kwao nasema machache. Msifunge kitu chochote kwenye miti inayoshikilia bashi. Ikianguka, familia inalala nje. Msitundike kamba kwenye tawi la avokado, linavunjika bila kutoa ishara. Nguzo mbili zinaweza kusimama kwa mawe yaliyobanwa vizuri, kwa ruhusa ya kamati ya kambi, na mahali ambapo watu hawapiti gizani. Na kabla mtoto hajaushika mwamba, watu wazima wawili wazito wauning'inie pamoja kwa dakika nzima, miguu karibu na ardhi, wasikilize kama kuna mlio.

Kwetu simenti ilimwagwa Jumatano. Mzee fundi amesema hakuna mtu kuugusa mwamba mpaka siku saba zipite, na ameufunga kitambaa chekundu. Watoto wadogo wa mtaa wanapita wakiruka kujaribu kukifikia. Zile dola 6 vijana wamezipigia kura: wamenunua kamba. Mdogo wangu ameomba kuwa wa kwanza Jumatano ijayo, na mama amesema atakuja kusimama chini yake.